Hakimu Hana Mizani ya Kupimia Imani

(Haya ni mazungumzo ya hakimu mstaafu wa Mahakama ya Mwanzo mbele ya viongozi wa misikiti na makanisa pamoja na wazee wa Kata ya Magamba, Mpanda.)

Mimi si shehe wala si padre. Ni mzee aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akisikiliza mashauri katika Mahakama ya Mwanzo, wazee wa baraza wawili wakiwa wameketi pembeni yake. Mmenitaka nieleze mamlaka ya mahakama pale waumini wa nyumba moja ya ibada wanapogombana: yanaanzia wapi, na yanakomea wapi. Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana, na naomba nianze kwa kuwasimulia kisa kilichonifundisha uzito wake.

Katika wilaya moja niliyopata kufanya kazi palikuwa na nyumba ya ibada iliyojengwa kwa jasho la waumini wenyewe. Sitaitaja jina wala dhehebu lake, maana wenyewe wangali hai na majeraha yao hayajapona. Kina mama walisomba maji na mchanga, wanaume walifyatua matofali, na mzee mmoja alimega sehemu ya shamba lake akaitoa kwa neno la mdomo tu. Baada ya miaka kadhaa waumini hao waligawanyika. Upande mmoja ulimfuata kiongozi wao wa zamani. Upande wa pili ulimfuata kiongozi mpya aliyeletwa na wakubwa wa dhehebu. Upande wa kwanza ukatia kufuli mlangoni. Usiku ule ule upande wa pili nao ukatia kufuli lake juu ya lile la kwanza.

Katika hali hiyo mama mmoja, miongoni mwa wale waliosomba maji ya kujengea nyumba hiyo, akafiwa na mwanawe. Jeneza lilipofika mlangoni lilikuta makufuli mawili. Kila upande ulidai kuwa u tayari kufungua kufuli lake iwapo wenzao watatangulia kufungua la kwao. Hakuna aliyetangulia. Sala ya maziko ikafanyika chini ya mwembe, jua likiwa la utosi.

Siku ya pili yake makufuli yote mawili yalivunjwa, na kijana mmoja akaletwa mbele yangu kwa shtaka la kuharibu mali. Mashahidi walikuja wengi, na karibu wote walitaka jambo moja, yaani mahakama itamke ni nani kiongozi wa kweli na ni nani mwasi. Mmoja alikuja na kitabu kitakatifu, akataka kunisomea aya. Mimi nilimwuliza swali dogo: kiwanja hiki kimeandikwa kwa jina la nani? Chumba kizima kilinyamaza. Hakuna aliyejua, na mzee aliyekitoa alikwisha kufariki.

Nilimwachia kijana yule huru, kwa sababu Kanuni ya Adhabu, katika kifungu chake cha 9, haimtii hatiani mtu kwa kosa linalohusu mali ikiwa alitenda kwa kuamini kwa dhati kwamba anatumia haki yake, pasipo nia ya kudanganya. Wenye madai ya umiliki niliwaambia wayapeleke mbele ya chombo chenye mamlaka ya ardhi. Pande zote mbili zilitoka zimenuna, na kila mmoja aliona kwamba hakimu amekwepa kazi yake. Je, nilikwepa? Hilo ndilo nitakalojaribu kulijibu leo.

Ndugu zangu, sisi wa huku Katavi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta sababu ya kuwapo kwa mpaka baina ya mahakama na madhabahu. Tuitazame Karema, pale kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika waliweka kituo hapo, na mwaka 1885 wakakikabidhi kwa Mapadre Weupe. Katika miaka ile ya mwanzo, kabla utawala wa Wajerumani haujatia mizizi, misheni ilikuwa kanisa na ilikuwa pia serikali. Aliyehubiri ndiye huyo huyo aliyeamua mashauri. Mema yalifanyika, na si haki kuyaficha. Watumwa walikombolewa, na Adrian Atiman, ambaye mwenyewe alipata kuwa mtumwa, aliwatibu wagonjwa wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Lakini tujiulize: mtu aliyekosana na padre katika siku zile angekata rufaa wapi? Na yule asiyetaka dini ya padre angeishi chini ya sheria ya nani?

Hatari ya upande wa pili nayo ni kubwa vilevile. Ikiwa padre akiwa hakimu ni hatari, basi na hakimu akiwa padre ni hatari. Ndiyo maana Mwalimu Julius Nyerere hakuchoka kutufundisha kwamba dola yetu haina dini, bali watu wake ndio wenye dini.

Mafundisho hayo hayakuachwa yaelee hewani, yameandikwa. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na tangu mwaka 1988 mwananchi anaweza kuzidai mahakamani. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kuchagua dini, pamoja na uhuru wa kuibadili. Ibara hiyo hiyo inaeleza kwamba shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini ziko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, nayo inatafsiri neno dini kuwa ni pamoja na madhehebu yake. Kwa hiyo hata pale ugomvi unapokuwa baina ya madhehebu mawili ya dini moja, au baina ya makundi mawili ya dhehebu moja, dola haina ruhusa ya kuchagua upande kwa sababu ya imani.

Lakini Katiba ile ile, katika Ibara ya 107A, inaiweka kazi ya kutoa haki mikononi mwa Mahakama. Ibara ya 13 inataka mtu asihukumiwe kabla ya kusikilizwa. Ibara ya 24 inalinda mali ya kila mtu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba haki hizi zinaachwa nje mtu anapovua viatu na kuingia msikitini, au anapochovya maji ya baraka katika mlango wa kanisa. Yapo, basi, mambo ambayo hakimu haruhusiwi kuyagusa, na yapo mambo ambayo haruhusiwi kuyakimbia.

Nianze na yale asiyoruhusiwa kuyagusa. Hakimu hawezi kuamua ni mafundisho gani yaliyo sahihi. Hawezi kusema nani anastahili kupokea sakramenti, nani anafaa kusalisha, nani amekufuru na nani ametubu. Hana elimu hiyo, na hata kama angekuwa nayo asingekuwa na mamlaka. Mizani aliyopewa hupima ushahidi, haipimi imani.

Sote tunalikumbuka shauri la Hamisi Rajabu Dibagula wa Morogoro. Mwaka 2001 alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa maneno aliyoyasema katika mahubiri ya hadhara kuhusu Yesu, na nchi ilitikisika kwa hasira. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani iliifuta hatia ile. Shauri hilo lilikuwa la jinai, wala halikuwa ugomvi wa ndani ya jumuiya moja. Lakini somo lake linatuhusu. Mtu kutamka imani yake, hata ikiwa inapingana na imani ya jirani, siyo kosa kwa sababu hiyo peke yake. Ugomvi wa imani hujibiwa kwa hoja na kwa mfano mwema, haujibiwi kwa pingu.

Mataifa mengine nayo yamepita njia hii, na mengine yalijikwaa. Huko Marekani, katika mji wa Louisville, waumini wa kanisa moja la Presbiteri waligawanyika kwa sababu ya suala la utumwa, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Shauri lao lilifika Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo, nayo mwaka 1872 ikaamua kwamba sheria ya nchi haitambui uzushi wa dini, na kwamba katika mambo ya mafundisho na nidhamu mahakama itaheshimu uamuzi wa chombo cha juu cha kanisa lenyewe.

Uingereza ilionja uchungu wa kufanya kinyume. Mwaka 1900 kanisa moja huru la Scotland liliungana na kanisa jingine. Kikundi kidogo kilikataa muungano, kikadai kuwa wengine wameyaacha mafundisho ya waasisi. Majaji wa Baraza la Malodi waliyachunguza mafundisho hayo, na mwaka 1904 wakakipa kikundi kile kidogo mali yote: makanisa, nyumba za wachungaji, vyuo na fedha. Watu wachache wakabaki na majengo wasiyoweza kuyajaza, ilhali maelfu hawana pa kusalia. Ilibidi Bunge litunge sheria mwaka 1905 ili mali ile igawanywe upya. Majaji wale hawakuwa wajinga. Walikuwa hodari sana, lakini walipima kitu kisichopimika kwa mizani yao.

Sasa nije kwenye yale ambayo hakimu haruhusiwi kuyakimbia. La kwanza ni mali. Ardhi, jengo, gari na fedha za benki ni vitu vya dunia hii, na mwenyewe hujulikana kwa hati, kwa mkataba na kwa ushahidi. Marekani ile ile ilikubali mwaka 1979, katika shauri la kanisa la Macon, kwamba mahakama yaweza kuisoma hati na katiba ya jumuiya kama inavyosoma hati nyingine yoyote, bila kuingia katika mafundisho. Na mwaka 2014 Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza, katika ugomvi wa mahekalu ya Kalasinga, ilisema kwamba mahakama haiwezi kukataa kuamua nani mdhamini halali wa mali kwa sababu tu mali hiyo ni ya dini.

La pili ni katiba ya jumuiya yenyewe. Mmejiandikia wenyewe kwamba kiongozi ataondolewa na mkutano mkuu, baada ya kupewa taarifa na nafasi ya kujitetea. Mkimwondoa usiku, watu watano jikoni kwa mtu, msishangae mahakama ikiuliza habari za mkutano mkuu. Hapo haiulizi kama mtu yule ni mtakatifu; inauliza kama mmeitimiza ahadi mliyopeana. Lakini kumbukeni pia kwamba mwenye kulalamika hutakiwa kwanza azimalize njia za nyumbani. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikataa rufaa ya mchungaji wa Kimethodisti aliyeondolewa katika huduma, na sababu moja kubwa ilikuwa kwamba alikimbilia mahakamani kabla ya kuumaliza usuluhishi uliowekwa na kanuni za kanisa lake.

La tatu ni jinai, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mtoto akidhulumiwa mwili wake madrasa au sakristia, hilo si jambo la ndani ya dini. Sadaka ikiibwa, hilo si jambo la ndani. Mjane akipigwa kwa kisingizio cha kutolewa pepo, hilo si jambo la ndani. Mlinzi wa msikiti au mwalimu wa shule ya kanisa asiyelipwa ujira wake ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine, na sheria ya kazi inamlinda. Ule mpaka uliowekwa na Katiba uliwekwa ili kuilinda imani ya watu dhidi ya mkono wa dola. Haukuwekwa ili kuwalinda wakubwa wa dini dhidi ya waumini wao. Kiongozi anayeikimbilia Ibara ya 19 ili asihojiwe juu ya daftari la fedha, huyo anaitukana ibara yenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, wapo watakaosema: ikiwa mahakama ina mipaka, basi tumwendee Mkuu wa Wilaya, au Mtendaji wa Kata, au tuwaite polisi, maana wao hufanya mambo haraka. Nawasihi msiifuate njia hiyo. Mwezi Desemba 1968 serikali ilipiga marufuku Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, na BAKWATA ikaundwa. Wapo wanaoona kuwa hatua ile ilikuwa ya lazima, na wapo wanaoona kuwa mkono wa dola ulifika pasipo pake. Sikuja kuwaamulia. Ninachosema ni kwamba zaidi ya nusu karne imepita, na mjadala ule haujafungwa. Amri hufunga ofisi kwa siku moja, lakini haifungi mioyo.

Jirani zetu wa Uganda walifikisha mahakamani ugomvi wa nani awe Mufti, na ukapanda hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi. Hukumu ilipotolewa, vijana wasioikubali waliyavamia makao makuu ya Baraza Kuu la Waislamu pale Old Kampala, mwezi Machi 1991, na askari polisi wakauawa. Hapa kwetu, katika miaka ile ile, Walutheri wa Meru waligombana vikali juu ya kujitenga na dayosisi yao. Jirani aliteketeza mali ya jirani, ingawa wote walibatizwa kwa maji yale yale. Hatimaye Dayosisi ya Meru iliundwa. Polisi waliweza kuwatenganisha watu barabarani, lakini hakuna askari wala hakimu ambaye angeweza kuwaundia dayosisi. Kazi hiyo ilikuwa ya kanisa lenyewe.

Turudi Magamba. Kata yetu imekusanya watu wa kila namna. Wapo Wabende na Wakonongo wenye nchi, wapo Wafipa, Wasukuma na Waha, na hapo Katumba wapo ndugu zetu waliotoka Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao sasa ni raia wenzetu. Nyumba za ibada zinaongezeka kila mwaka, na kila moja imesimama juu ya kiwanja cha mtu fulani. Nawaulizeni kama nilivyouliza siku ile mahakamani: kiwanja hicho kimeandikwa kwa jina la nani? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nina ushauri wa mambo manne. Kwanza, jumuiya ambayo haijasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya ifanye hivyo, na ile yenye mali iwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa Kabidhi Wasii, chini ya sheria ya wadhamini. Mali iandikwe kwa jina la bodi hiyo, isiandikwe kwa jina la shehe, mchungaji wala mfadhili. Anayetoa ardhi atoe kwa maandishi, mbele ya mashahidi na viongozi wa kijiji au mtaa, angali hai na mwenye akili timamu.

Pili, katiba ya jumuiya isomwe. Nimeona katiba nyingi zilizonakiliwa kutoka kwa wengine, hata jina la jumuiya ya kwanza limesahauliwa ndani. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi. Ieleze kiongozi anaingiaje na anatokaje, mkutano halali ni wa watu wangapi, na siku waumini wakigawanyika mali itakwenda wapi. Wengine husema kuandika jambo hilo ni kujitabiria mabaya. La hasha. Anayechimba msingi hatabiri tetemeko, anajenga nyumba.

Tatu, kila jumuiya iwe na baraza lake la usuluhishi, lenye wazee na kina mama wanaoaminika, na pande zote zikubali kupita hapo kwanza. Hata Baraza la Kata, tangu mwaka 2021, kazi yake katika mashauri ya ardhi ni kusuluhisha tu, siyo kuhukumu. Sheria yenyewe inatuelekeza kwenye mkeka kabla ya kizimba.

Nne, wakati ugomvi ukiendelea mlango usifungwe. Pangeni zamu, wengine wasali asubuhi, wengine jioni, funguo zikae kwa mtu ambaye pande zote zinamwamini. Na maiti asizuiwe kamwe.

Sasa nilijibu swali langu. Sikukwepa. Niliyoulizwa yalikuwa mambo mawili, nami nilijibu lile lililokuwa langu. La pili lilikuwa lao wenyewe, na ubaya ni kwamba hawakulijibu. Mchwa walizila mbao za paa kabla pande zile mbili hazijakaa kitako. Nilipokutana tena na yule mama, miaka kadhaa baadaye, hakuwa akisali upande wowote. Aliniambia, "Mheshimiwa, mimi sikuwa na haja ya kujua nani ameshinda. Nilitaka mlango ufunguliwe."

Mahakama ingeweza kuwaambia watu wale kiwanja ni cha nani, laiti pangekuwa na karatasi. Ingeweza kumwadhibu mwizi na kumlinda aliyeonewa. Lakini hakuna hukumu iliyopata kuandikwa ambayo ingewafanya wasimame safu moja na kusema amina kwa sauti moja. Hiyo ni kazi yenu, waheshimiwa, nanyi mmekabidhiwa na wakubwa kuliko Serikali.